Darasa la maji kupwa: mwongozo kamili wa kusomesha watoto wadogo nyumbani na nje, Mombasa

Wazazi wengi wanaoanza kusomesha watoto wadogo nyumbani hununua ubao na chati za herufi, wakapanga ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ikawa ndiyo siku ya kutoka. Kwa anayeishi Mombasa, mpango huo unamnyima kitu kikubwa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, wala haijui Jumamosi. Ukifika Nyali siku ambayo maji yamejaa, watoto watachezea mchanga, wataloa, mtarudi. Ukifika asubuhi siku ya bamvua, maji yanapopwa sana, mwamba uko wazi na kila kidimbwi kina wenyewe.

Ushauri wangu ni huu, na mwongozo wote unaufuata: acha mwezi na maji vipange wiki yenu, kisha kusoma na kuhesabu kuingie katika nafasi zinazobaki. Nimeandika nikiwafikiria watoto wa miaka mitatu hadi minane, kwa familia inayotumia matatu na tuktuk na ambayo haina pesa za kumwaga kila wiki.

Hatua ya kwanza: maliza habari ya sheria

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Elimu ya msingi katika sheria hiyo inahesabiwa tangu chekechea, na asiyetimiza wajibu huo bila sababu ya maana anaweza kushtakiwa. Mtoto huingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka minne. Kabla ya hapo una uhuru mkubwa. Akishafika umri huo, usifanye jambo kimyakimya. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, ueleze unachokusudia na uulize ni taasisi gani iliyosajiliwa unayoweza kumwandikisha. Kama jibu halikuridhishi, mtoto na aende shule, na mwongozo huu utumie likizo, Jumamosi na asubuhi za sikukuu. Hautapoteza kitu, kwa sababu bamvua huja mara mbili kila mwezi.

Pakua pia miundo ya mtaala kutoka tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Ngazi ya PP1 na PP2 ina shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Soma ukurasa wa mazingira kwa makini. Utaona kwamba sehemu kubwa ya wanachotakiwa kujua watoto wa umri huo, kama vile mimea, wanyama, hali ya hewa, usafi na usalama, iko nje ya mlango wako.

Hatua ya pili: tengeneza kalenda ya mwezi na maji

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye faida.

Chukua karatasi kubwa ya manila, uchore duara thelathini, moja kwa kila siku ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe hizo wengi Mombasa wanazo kwenye kalenda za ukutani, na ni bora kuliko tarehe za kizungu kwa kazi hii kwa sababu zinafuata mwezi wa mbinguni. Kila jioni mtoto atoke nje, autazame mwezi, arudi kupaka rangi sehemu inayong'aa. Kukiwa na mawingu, aandike mawingu.

Sasa ongeza maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa kumi na nne huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake, kwenye tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 hivi, ni maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa Mombasa, siku ya mwezi kumi na nne maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Fanya hesabu mwenyewe. Tarehe 12 kupwa kutakuwa karibu saa mbili na nusu, tarehe 13 saa tatu na robo. Tarehe 16 tayari ni saa tano na nusu, jua liko kichwani na mchanga unachoma nyayo. Kwa hivyo siku nzuri za kutoka na watoto wadogo ni zile za kuelekea mwezi kumi na nne, tarehe 12 hadi 14, na zile za kuelekea mwandamo, tarehe 27 hadi 29. Wengi husubiri mwezi ujae ndipo waende, na ndiyo maana hurudi na watoto waliochoka. Siku mbili kabla, bahari imepwa vya kutosha na jua bado halijakolea.

Hesabu hizi ni za kupangia, na zinaweza kupotoka kwa nusu saa au zaidi. Siku yenyewe thibitisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo unalipata kwa simu, au muulize mvuvi unapofika. Mvuvi ndiye mwalimu bora kuliko jedwali, na mtoto akimwamkia vizuri, "Shikamoo, babu, maji yanapwa saa ngapi?", ataambiwa mengi zaidi ya saa.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba, kalenda hii ni somo kamili la hesabu. Mwulize: leo maji yamepwa saa tatu, keshokutwa yatapwa saa ngapi? Atajumlisha dakika bila kuona kwamba anafanya hesabu.

Hatua ya tatu: mkoba

Usibebe vingi. Maji ya kunywa, lita moja kwa kila mtu. Kofia na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Viatu vya plastiki vya kufunga, si kandambili, kwa sababu kandambili huvuka mguuni kwenye mwamba na mtoto akakanyaga asichokiona. Jozi ya leso, isiyokatwa: itakuwa kivuli, taulo, mkeka na mbeleko. Bandeji, kibanio kidogo cha kutolea mwiba, sabuni. Daftari na penseli ndani ya mfuko wa nailoni. Chakula kisichoharibika haraka: mahamri, ndizi, viazi vya kuchemsha.

Na kifaa kimoja cha kutengeneza pamoja na watoto usiku wa kuamkia safari. Chukua chupa ya maji ya lita tano, kata kitako na kata shingo, ubaki na bomba pana. Upande mmoja vika nailoni angavu na uikaze kwa raba kadhaa, upande wa pili funga kingo kwa utepe zisikate mikono. Ukiutumbukiza ule upande wa nailoni kidimbwini, mng'aro wa juu ya maji unaondoka na chini unaona kila kitu.

Hatua ya nne: saa moja na nusu mwambani

Fika dakika tisini kabla ya maji kupwa kabisa. Ondoka maji yanapoanza kurudi, bila mjadala. Sheria hii waambie watoto nyumbani, si pwani.

Mahali: Nyali na Bamburi panafaa, na Shelly Beach kwa walio Likoni. Ukiwa na nafasi ya kwenda kaskazini zaidi, Kanamai ina bwawa pana la maji mafupi na vidimbwi vingi, na watu ni wachache. Kumbuka kwamba mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari, na mbuga ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Hakuna kuokota matumbawe, makombe wala kiumbe chochote. Wafundishe watoto kwamba kila kitu hutazamwa pale pale kilipo. Jiwe likiinuliwa, linarudishwa lilivyokuwa, polepole, maana upande wa chini ndio uliokuwa na kivuli na ndipo viumbe wanapoishi.

Kosa la kawaida la watu wazima ni kutembea sana. Chagua kidimbwi kimoja chenye ukubwa wa meza. Keti. Kwa dakika mbili za kwanza hakuna kitakachoonekana, na mtoto ataanza kulalamika. Kisha gamba la konokono lililokuwa limelala litasogea, litapinduka, na miguu itatokea: ni kaa mdogo asiye na gamba lake, anayeishi katika nyumba aliyoiacha konokono. Akikua, huhama kutafuta kubwa zaidi. Ukinyamaza, utamwona akisimama mbele ya gamba jingine akilipapasa kwa makucha, ndani na nje, kabla ya kuamua. Mtoto wa miaka minne anaweza kukaa nusu saa akimwangalia, na hiyo nusu saa ina thamani kuliko kilomita mbili za kutembea.

Baada ya hapo tafuteni jongoo bahari, kiti cha pweza, kaa, samaki wadogo waliobaki nyuma. Kwa kila kimoja uliza maswali matatu tu: kina miguu mingapi, kinakula nini, kikiguswa na kivuli chako kinafanyaje? Mtoto achore kimoja alichokipenda. Usimsahihishe mchoro.

Hatari unazotakiwa kuzijua ni hizi. Viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu wako kila mahali kwenye mwamba, ndiyo maana ya viatu. Konokono mwenye gamba la umbo la pia, hata awe mzuri vipi, haguswi: ana mwiba wenye sumu inayoweza kuua. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, kwa hiyo kwenye maji mafupi buruta miguu badala ya kuinua. Yuko pia samaki anayejifanya jiwe. Mtu akichomwa na taa au na samaki huyo, loweka mguu kwenye maji moto kiasi cha kuvumilika, mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, huku mkitafuta usafiri wa hospitali.

Kubwa kuliko zote ni maji yenyewe. Yanaporudi hayaanzi mbele yako. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, na aliyesimama juu ya fungu la mchanga hujikuta amezungukwa. Na watoto wadogo usivuke mfereji wowote kwenda nje, hata kama upande wa pili ni kukavu na kunavutia.

Hatua ya tano: siku za maji mafu, geukia kisiwani

Siku bahari isipopwa vya kutosha, Mombasa ina mengine. Asubuhi moja kwenye ufuo wa Mama Ngina chini ya mibuyu inatosha kwa somo zima. Meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mtoto anasoma jina la meli bila darubini. Aandike jina, bendera, rangi ya kontena, na ahesabu tagi, vyombo vidogo vya kuvuta meli, zinazoisindikiza. Nyumbani mtafute bendera ile ni ya nchi gani. Malizeni kwa mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili kidogo, na dafu moja la kugawana.

Feri ya Likoni ni bure kwa wanaovuka kwa miguu. Epuka asubuhi mapema na jioni, msongamano ule si wa watoto. Saa nne au tano ni shwari. Shika mikono yote, kaeni mbali na magari yanayoteremka, mvuke na kurudi. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hiyo ni safari kubwa.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikatekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Mtoto mdogo hahitaji tarehe hizo. Mwonyeshe ukuta. Aweke kiganja juu ya jiwe, atafute alama za matumbawe ndani yake, na atakumbuka kwamba ameona maumbo yale yale mwambani. Hapo ndipo anapoelewa kwamba ngome imetoka baharini. Ukitoka, ingieni vichochoro vya Mji wa Kale, kila mtoto atafute mlango mmoja wa nakshi na kuchora umbo moja tu kutoka kwake.

Soko la Marikiti nenda na orodha na pesa ndogo. Mtoto wa miaka saba anunue mwenyewe: fungu la ndimu, robo ya bizari. Mpe noti na mwache ahesabu chenji mbele ya muuzaji. Wauzaji wa Marikiti wana subira na watoto kuliko tunavyodhani.

Hatua ya sita: nyumbani, kusoma na kupima

Muda wa kukaa chini usizidi nusu saa kwa mara moja, mara mbili kwa siku, asubuhi mapema na baada ya kulala mchana. Kama watoto wanakwenda chuoni alasiri, punguza. Usishindane na madrasa.

Kwa kusoma, toa leso kabatini. Kila leso ina jina lake, limeandikwa kwa herufi kubwa, sentensi moja fupi, nayo mtoto anaifahamu kwa sababu ameiona kiunoni mwa bibi yake. Anaanza kwa kutafuta herufi za jina lake, kisha neno analolijua, kisha sentensi nzima. Kila leso mpya ni ukurasa mpya.

Kwa kupima, tumia kibaba na pishi. Vibaba vinne vya mchele ni pishi moja. Mwache amimine, apime, amwage, afagie. Sehemu za robo na nusu zitaingia mkononi kabla hazijaandikwa daftarini.

Na mnazi, kama unao uani au kwa jirani. Weka mezani kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa mpangilio. Pima uzito wa kila kimoja, tikiseni msikie maji, pasueni muone nyama inavyokuwa ngumu. Siku hiyo hiyo watoto wakune nazi, wakamue tui, na chakula cha jioni kiwe sehemu ya somo. Ila wasiketi chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.

Hatua ya saba: safari za mbali kidogo

Haller Park, Bamburi, ndiyo ningeanza nayo. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, mpaka wakaletwa jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Kabla ya kwenda, mtafuteni jongoo mmoja uani, mumwekee majani makavu kwenye bakuli kwa siku mbili mtazame anachofanya, kisha mwachieni. Mkifika pale, mtoto hatatazama twiga tu, atainama pia kutafuta jongoo.

Jumba la Mtwana, Mtwapa, ni magofu ya mji wa karne ya 14 yaliyo ufuoni, yana kivuli na nafasi ya kukimbia. Gazi, kusini katika Kwale, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Nenda maji yakipwa ili watoto waone mizizi inayochomoza kutoka topeni, na mbegu za mkoko zinazochipua zikiwa bado juu ya mti. Shimba Hills ndipo pekee nchini penye swala aitwaye palahala, na kuna maporomoko ya Sheldrick yanayofikiwa kwa miguu na askari wa wanyamapori. Kushuka ni rahisi, kupanda kurudi ni kazi, kwa hiyo aliye chini ya miaka mitano jiandae kumbeba. Malipo ya mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, yamalize nyumbani penye mtandao.

Daftari moja kwa kila mtoto

Baada ya kila kutoka: tarehe, umbo la mwezi, saa ya kupwa, mchoro mmoja, maneno ya mtoto yaliyoandikwa na wewe kama alivyoyasema. Asiyejua kuandika aweke alama yake. Daftari hizi zihifadhi. Ukiulizwa na afisa wa elimu, au mtoto akihamia shule, ndizo zitakazoonyesha alichojifunza, na mwalimu wa mtaala wa umilisi anajua kuzisoma.

Misimu

Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na safi lakini joto ni kali: toka mapema, rudi kabla ya saa tano. Masika yakianza Aprili, na hasa Mei, kaeni na leso na vibaba. Mvua kubwa ikinyesha, msiogelee karibu na mifereji wala kwenye mdomo wa hori kwa siku kadhaa, maana uchafu wote wa mji hushukia huko. Kusi huleta ubaridi na mwani mwingi ufuoni, ambao watoto hupenda kuufukua kutafuta vijidudu. Oktoba na Novemba upepo hulegea, na kati ya mvua moja na nyingine ya vuli kuna asubuhi nzuri sana za mwambani.

Ramadhani isikusimamishe. Tarehe 12 hadi 14 za mwezi huo kupwa kunaangukia asubuhi, mzazi aliyefunga bado ana nguvu. Fikeni mapema, kaeni kwenye kidimbwi kimoja tu, mrudi nyumbani mlale hadi adhuhuri.